Venice peke yako: mwongozo kamili wa kula bata kwenye mji uliojaa watalii

Watu wengi wakitoka Venice wanakupa stori moja tu, mji mzuri balaa ila watu wamejaa mpaka huoni pa kukanyaga. Ni kweli kabisa. Ila ukiwachimba kidogo utakuta wengi wao waliingia na treni saa nne asubuhi, wakafuata mkondo wa watu kutoka stesheni mpaka daraja la Rialto mpaka uwanja mkuu wa San Marco, wakala pizza ya bei mbaya, wakapiga picha, saa kumi na moja jioni wakarudi zao stesheni. Yaani wameuona mji kwenye saa zake mbaya kuliko zote na kwenye njia yake mbaya kuliko zote. Venice inajaa kwa saa na inajaa kwa njia, haijai yote kwa wakati mmoja, na anayesafiri peke yake ndiye anayeweza kulikwepa hilo kirahisi maana hana wa kumsubiri aamke, hana wa kubishana naye wapi pa kula, akitaka kutoka saa kumi na mbili alfajiri anavaa viatu anatoka.

Kwa hiyo huu mwongozo wote unasimama kwenye jambo moja: lala ndani ya kisiwa chenyewe, na hela yako kubwa iende kwenye kitanda, sio kwenye gondola, zile boti za kasia za watalii.

Hatua ya 1: Chagua mwezi, halafu chagua siku za wiki

Miezi ya kukimbia ni Mei, Juni, Julai na Agosti. Agosti hata usijaribu, joto, mbu, na harufu ya maji kwenye vichochoro vingine. Wikendi za Carnival (mara nyingi Februari) na Pasaka nazo ni vurugu, labda kama umekuja kwa ajili ya hizo barakoa na mavazi, basi ujue na hoteli nayo imejua. Wikendi ya tatu ya Julai kuna sikukuu ya Redentore na fataki zake, Jumapili ya kwanza ya Septemba kuna Regata Storica, mashindano ya boti kwenye Grand Canal, mfereji mkuu wa mji. Vizuri sana ila ni umati juu ya umati.

Mimi ukiniuliza nakwambia Novemba, ukishindwa Januari kabla ya Carnival, au mwanzoni mwa Machi. Kuna baridi, kuna ukungu, koti zito lazima, lakini bei za vyumba zinashuka na ukungu wenyewe kule ni kivutio. Hiyo miezi ya baridi ndiyo pia miezi ya maji kujaa, nitalirudia huko chini, lisikutishe.

Siku za wiki nazo zina maana yake. Ingia Jumapili jioni au Jumatatu, ondoka Alhamisi. Sababu ya kwanza ni kwamba wikendi Waitaliano wenyewe wa miji ya jirani wanamiminika. Sababu ya pili, soko la samaki la Rialto halifanyi kazi Jumapili na Jumatatu, kwa hiyo unataka kuwa na Jumanne na Jumatano ndani ya ratiba. Usiku tatu zinatosha vizuri, mbili unabanwa.

Hatua ya 2: Viza na tiketi ya ndege

Kama una pasi ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Congo unahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, bima ya safari lazima iwe na kinga ya angalau euro 30,000, na maombi unaweza kupeleka kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla. Usisubiri hizo siku 15, miadi yenyewe ya kupeleka fomu huwa inasumbua kupatikana, anza miezi mitatu kabla. Ukisafiri peke yako watataka kuona sababu za kukurudisha nyumbani: barua ya kazi yenye ruhusa ya likizo, stetimenti ya benki inayoonyesha hela imekuwa ikiingia kidogo kidogo na sio imemwagwa wiki iliyopita, bukingi ya chumba inayoweza kufutwa bila kukatwa, na ratiba ya safari. Ukiwa unaishi nchi ya Schengen na una kibali cha ukaazi huna haja ya viza. Ukiwa Uingereza na pasi ya kwetu, unahitaji, kibali cha Uingereza hakikuvushi.

Ndege: Turkish, Qatar na Emirates zote zinafika uwanja wa Marco Polo wa Venice kwa kuunganisha kwenye vituo vyao. Ethiopian inakupeleka Roma au Milan, na hapo unamalizia kwa treni. Milan mpaka Venice ni kama saa mbili na nusu, Roma ni kama saa nne, na ukikata mapema kwenye Trenitalia au Italo bei inakuwa nzuri sana kuliko ukikata siku hiyohiyo. Angalia pia kwamba ndege za bei chee za Ulaya nyingi zinashuka Treviso, sio Marco Polo, kutoka huko unachukua basi.

Hatua ya 3: Kitanda (hapa usifanye ubahili)

Mestre ni bara, ng'ambo ya daraja, treni dakika kama kumi tu na vyumba bei nusu. Kila mtu atakwambia lala Mestre. Kwa familia ya watu watano naelewa. Kwa mtu mmoja, nakataa. Saa za thamani Venice ni kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa mbili usiku, na ukilala Mestre ndizo hasa unazozikosa, kwa sababu usiku umechoka unawaza treni, asubuhi unaona uvivu.

Mji una mitaa mikuu sita: Cannaregio, Castello, San Marco, San Polo, Santa Croce na Dorsoduro. San Marco achana nayo, ghali na kelele. Cannaregio upande wa kaskazini, maeneo ya Fondamenta della Misericordia na Ghetto ya kale ya Wayahudi (ile iliyoanzishwa 1516), ni karibu na stesheni, watu wa pale wanaishi kweli, unaona nguo zimeanikwa na wazee wanapiga soga. Castello ya mashariki, kuelekea Via Garibaldi, ni tulivu zaidi. Dorsoduro ina wanafunzi wa chuo, kwa hiyo Campo Santa Margherita (campo ni uwanja) jioni inachangamka, na kwa mtu wa peke yake hilo sio baya.

Kwa kukadiria, msimu wa baridi kitanda cha hosteli ni euro 30 mpaka 50, chumba chako mwenyewe euro 80 na kuendelea. Ukitafuta chumba angalia neno "singola", kile ni chumba cha mtu mmoja kweli, wakati "doppia uso singola" ni chumba cha wawili unachouziwa wewe mmoja, bei inapanda. Kisiwa cha Giudecca ng'ambo ya maji kina hosteli na mandhari yake ni hatari, ila kila unapotoka ni boti, hesabu hiyo gharama. Kitu ambacho wengi hawakijui ni nyumba za watawa. Masista wengi wanakodisha vyumba, safi, kimya, bei ya kibinadamu, shida ni kwamba baadhi yao wanafunga geti usiku, uliza kabla. Dada anayesafiri mwenyewe kwa mara ya kwanza ningemshauri aanzie huko.

Ukichukua nyumba ya mtu binafsi hakikisha tangazo lina namba ya CIN, yaani namba ya usajili wa malazi, tangu 2025 ni lazima kisheria, lisilo nayo achana nalo. Halafu muombe mwenye nyumba mambo mawili: jina la kituo cha boti kilicho karibu na jina la kanisa au uwanja ulio karibu. Kule namba za nyumba hazifuati barabara, zinafuata mtaa mzima, utapewa anwani kama "Castello" na namba ya tarakimu nne basi, hiyo nyumba inaweza kuwa popote, utazunguka na begi mpaka ulie.

Kodi ya kulala inalipwa pembeni, kati ya euro 1 na 5 kwa usiku kulingana na aina ya malazi, mwisho usiku tano. Sio utapeli, wote wanalipa.

Hatua ya 4: Ile tiketi ya kuingia mjini

Tangu 25 Aprili 2024 Venice inatoza wageni wa kutwa, wale wasiolala. Ni siku maalumu tu, kati ya Aprili na Julai, hasa za mwisho wa wiki, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi mpaka saa kumi jioni. Ukilipia mapema ni euro 5, ukichelewa mpaka siku za mwisho ni 10. Wewe unayelala hapo hulipi, ila kama safari yako imeangukia siku hizo LAZIMA ujisajili kwenye tovuti ya cda.ve.it upate msimbo wako wa QR wa msamaha, ni bure, dakika tano. Mkaguzi akikukuta stesheni huna hata hiyo ya bure, faini inaanzia euro 50. Ukienda Novemba sahau hii hatua.

Hatua ya 5: Begi

Moja. Dogo. La mgongoni. Mji una madaraja zaidi ya 400 na karibu yote ni ngazi, hakuna gari, hakuna bajaji, hakuna baiskeli, na wewe uko peke yako hakuna wa kukushikia upande mmoja. Hilo begi la kilo 23 lenye magurudumu utalibeba kichwani kama gunia. Kama huna namna, kuna sehemu za kuhifadhi mizigo stesheni na Piazzale Roma, acha kubwa, ingia na dogo. Viatu viwe vya kutembea vilivyokwisha kuzoea mguu. Weka pia mtandio au shati la mikono, ukienda kanisa la San Marco mabega na magoti yawe yamefunikwa, na begi la mgongoni hawaliruhusu ndani.

Hatua ya 6: Kufika na kutembea

Kutoka Marco Polo kuna basi mpaka Piazzale Roma, mwisho wa barabara ya magari, kama euro 10 na dakika 20 na kitu. Kuna boti ya Alilaguna, ghali kidogo na inachukua zaidi ya saa moja, ila inakushusha ndani kabisa ya mji. Ukiwa unakaa Cannaregio kaskazini au Castello hiyo boti ina maana, wengine pandeni basi. Teksi ya majini kwa mtu mmoja usiulize hata bei, ni zaidi ya euro 100.

Ukija na treni angalia tiketi vizuri, stesheni ya ndani ya kisiwa ni Santa Lucia, watu wanashuka Mestre wakidhani wamefika wanashangaa maghorofa na mabasi. Na tiketi ya karatasi ya treni za mkoa lazima uigonge kwenye kimashine kabla ya kupanda, usipogonga unahesabika huna tiketi.

Sasa boti za umma, vaporetto. Safari moja ni euro 9.50, inadumu dakika 75. Nyingi, najua. Tiketi ya saa 24 ni euro 25, saa 48 ni 35, saa 72 ni 45. Walio chini ya miaka 30 wanunue kadi ya Rolling Venice kwa euro 6, inawapa ile ya saa 72 kwa euro 27, hapo umecheza. Wengine wote, mji unatembeleka kwa miguu, stesheni mpaka San Marco ni kama dakika 40 ukipotea kidogo, kwa hiyo usinunue ya siku tatu kwa mazoea tu. Mbinu ni hii: tiketi ya saa 24 inaanza kuhesabu pale unapoigonga, sio usiku wa manane. Igonge siku ya pili saa tano asubuhi ukielekea visiwani, jioni irudie kwa mzunguko wa usiku, kesho yake alfajiri bado iko hai, panda Laini ya 1 kabla ya watu. Unapata siku mbili kwa bei ya moja.

Laini ya 1 ndiyo inayopita Grand Canal yote polepole. Pandia Piazzale Roma inapoanzia ili upate kiti, ukipandia stesheni ya treni umeshachelewa, viti vya nje vimekwenda. Na gonga tiketi kwenye kile kidude KILA unapopanda, hata kama ni ya siku nzima.

Gondola: bei rasmi ni euro 90 mchana kwa dakika 30 na 110 kuanzia saa moja usiku, na hiyo ni bei ya chombo sio ya kichwa. Wenye familia wanagawana, wewe unabeba yote. Mimi sioni maana, lakini kama ni ndoto yako tangu utotoni basi lipa na usijutie, au simama karibu na kituo uone kama kuna watu wawili wanaotafuta wa kuchangia, huwa inatokea. Njia ya maskini ni traghetto, gondola kubwa isiyo na mapambo inayovusha watu kutoka upande mmoja wa Grand Canal kwenda mwingine, euro 2. Dakika mbili umevuka. Ya uhakika zaidi ni ile ya Santa Sofia inayokushusha mlangoni kabisa mwa soko la Rialto, na utaona wenyeji wengine hawakai, wanasimama na vikapu vyao wanasoma simu kama wako kwenye daladala.

Google Maps inachanganyikiwa kwenye vile vichochoro, itakupeleka mpaka kwenye ukuta au majini. Inua macho, pembeni ya majengo kuna vibao vya njano, "Per Rialto", "Per San Marco", "Alla Ferrovia" (kwenda stesheni). Na hapa ndio siri ya njia: unapotaka kufika haraka fuata vibao, unapotaka kuukimbia umati nenda kinyume na kibao, kona mbili tu, utajikuta peke yako.

Hatua ya 7: Pangilia siku kwa saa

Siku isiwe na orodha ndefu. Iwe na mgawanyo wa saa.

Alfajiri ni ya sehemu maarufu. San Marco saa kumi na mbili na nusu utakuta wafagiaji, njiwa, na watu wawili watatu wenye kamera za miguu mitatu. Daraja la Rialto (lilimalizika 1591) hivyohivyo, ukirudi hapo saa sita mchana utaona ninachosema. Jumanne au Jumatano nenda sokoni mapema. Boti zinashusha maboksi, wachukuzi wanasukuma mikokoteni wanapiga kelele upishe, shakwe wako juu ya paa wanasubiri utumbo. Humo ukutani tafuta bamba la marumaru lililochongwa urefu wa chini wa samaki anayeruhusiwa kuuzwa, dagaa wa sardini sentimita 7, chaza 5, na kadhalika, mzozo wa nyavu ndogo nao wanaujua tangu zamani. Mtu wa pwani hapa anaweza kumaliza saa nzima, pweza, ngisi, kamba, kaa, wote anawajua isipokuwa bei.

Saa tatu mpaka sita, ingia ndani ya jengo moja kubwa, MOJA kwa siku, na tiketi uwe umeinunua mtandaoni. Kanisa la San Marco dari lote ni vipande vya dhahabu. Mapokeo yanasema mwili wa Mtakatifu Marko uliibwa Aleksandria, Misri, mwaka 828 na wafanyabiashara wa Venice, wakaufunika na nyama ya nguruwe ili maofisa Waislamu wa bandari wasipekue. Na wale farasi wa shaba walitolewa Konstantinopoli mwaka 1204, walioko nje ni nakala, wenyewe wako ndani. Yaani mji mzima umepambwa na vitu vya watu. Siku nyingine Palazzo Ducale, ikulu ya watawala wa zamani, na ndani yake unavuka lile daraja la wafungwa, Daraja la Kuhema, ambalo nje watu wanakanyagana kulipiga picha. Kwa kuangalia mji kutoka juu usipange foleni ya mnara wa San Marco (ulianguka wote 1902, wakaujenga upya ukamalizika 1912), vuka maji mpaka San Giorgio Maggiore upande mnara wa kule, watu wachache na unauona mpaka huo wa San Marco wenyewe.

Saa sita mpaka kumi na moja ndio mafuriko ya watu. Potea. Nenda visiwani, au Castello ya mwisho kule San Pietro, au Zattere kule Dorsoduro ukatembee kando ya maji, au Scuola Grande di San Rocco ukaone michoro ya Tintoretto dari na kuta, hapo kuna nafasi. Au rudi ulale, umeamka alfajiri na huna wa kukuuliza.

Usiku toka tena. Mgeni wa kutwa ameshapanda treni, wenyeji wa ule mji wa kale hawafiki hata 50,000, kwa hiyo saa tatu usiku unasikia viatu vyako mwenyewe kwenye mawe.

Hatua ya 8: Kula peke yako bila kupigwa

Watu wengi wanaogopa kukaa mezani peke yao. Venice imekutatulia, kuna bacaro, kibaa kidogo ambacho watu wanakula wamesimama. Unaingia, kwenye kaunta ya kioo kuna cicchetti zimepangwa, vipande vidogo vya mkate vyenye kitu juu, kimoja kama euro 2 mpaka 4. Unaonyesha kwa kidole, hiki, na hiki, na kile, unapewa kisahani, unaegemea kaunta au unatoka nje unaweka glasi kwenye kingo ya ukuta. Vinne vitano umeshiba. Unahamia kibaa kinachofuata. Mtu mmoja hapo hashangazi mtu, nusu ya waliosimama wako wenyewe.

Chagua sarde in saor, sardini za kukaanga zilizolazwa kwenye vitunguu, siki na zabibu kavu. Chagua baccalà mantecato, samaki mkavu aliyepondwa na mafuta ya zeituni mpaka akalainika, mara nyingi juu ya polenta. Na polenta ni ugali jamani, na kule kwa samaki wanaupika wa mahindi meupe, tofauti ni wanaukata vipande wanauchoma. Hunywi pombe? Sema "analcolico" upewe kinywaji chekundu chenye barafu, sura ileile ya spritz, kinywaji chao cha pombe. Huli nguruwe? Yajue majina haya: maiale, prosciutto, speck, salame, mortadella, pancetta, yote ni nguruwe, na yako kila mahali, ndiyo maana hapo shika upande wa samaki.

Kwenye migahawa ya kukaa nenda mapema inapofunguliwa, saa moja jioni, meza ya mtu mmoja wakati wa msongamano wanaona ni hasara na watakuambia pamejaa. Soma menyu kwa makini: samaki wengi bei yake imeandikwa "all'etto", hiyo ni kwa gramu 100, sio kwa sahani, ukiona samaki mzima euro 8 ukafurahi, bili inakuja 50. Uliza uzito kabla hajaenda jikoni. "Coperto" ni hela ya kukaa, euro 2 mpaka 4, halali. Mgahawa wenye menyu ya picha na mtu anayekuita mlangoni, pita kama hujasikia.

Kahawa kunywa umesimama kaunta, euro moja na nusu hivi. Ukikaa kwenye mikahawa ya uwanja wa San Marco kama Florian (ipo tangu 1720) unalipia kiti, historia na muziki, na muziki unaandikwa kwenye bili kabisa. Maji usinunue, mabomba ya bure yako kila campo na maji ni salama, beba chupa. Choo cha umma ni euro 1.50, kwa hiyo ukinywa kahawa malizia na choo chao.

Hatua ya 9: Visiwa

Laini ya 12 kutoka Fondamente Nove. Watu wote wanaanza Murano, halafu Burano saa sita. Wewe geuza, nenda moja kwa moja Burano kama dakika 45, au panga ufike saa tisa mchana wakati makundi yanaondoka, zile nyumba za rangi jua la jioni ndio linazitendea haki. Kituo kimoja zaidi ni Torcello, karibu hakuna wakazi, kanisa lake lilianzishwa 639, kimya.

Murano wengi wanaidharau kwa sababu ya maduka ya kioo. Hoteli zikikupa boti ya bure kwenda kiwandani kataa, mwisho wa hiyo safari ni chumba cha mauzo na mtu hakuachii. Ingia Museo del Vetro kwa hela yako. Wahunzi wa kioo walihamishiwa kisiwa hiki mwaka 1291, na ndani ya makumbusho kuna shanga, na hapo mimi niliganda. Karne ya 19 shanga za Venice zilikuwa zinashushwa Zanzibar, misafara inazibeba mpaka Tabora na Ujiji kununulia chakula na pembe za ndovu, na kila eneo bara lilikuwa na rangi yake inayokubalika, ukipeleka rangi isiyopendwa hula. Ziko pale kwenye kabati la kioo, nyekundu, nyeupe, bluu, ndogo kama punje.

Hatua ya 10: Usalama, na yale maji

Kukabwa Venice ni nadra, hata usiku dada anatembea. Tatizo ni wezi wa mifukoni, kwenye vaporetto iliyojaa, Rialto, na stesheni. Begi mbele, simu isiwe mfuko wa nyuma. Beba pasi, polisi wanaweza kukuomba na sisi ngozi yetu tunaombwa zaidi, nakwambia tu ukweli. Mikoba ya bandia inayouzwa chini usinunue hata kama muuzaji ni kaka yetu wa Senegal, Italia mnunuzi naye anapigwa faini.

Hatari ambayo hakuna anayeitaja ni ngazi za kuingia majini. Ule ukijani ni utelezi, watu wanashuka kupiga selfi wanaingia mfereji, na wewe uko peke yako usiku nani atakuona. Usishuke. Kuogelea mfereji, kukaa kwenye ngazi za San Marco kula mkate wako, kulisha njiwa, vyote vina faini. Dharura ni 112, ambulensi inakuja kwa boti. Kila jioni mtumie mtu mmoja wa nyumbani lokesheni yako, basi.

Maji kujaa, acqua alta, ni Oktoba mpaka Januari hasa. Tangu Oktoba 2020 kuna mageti ya baharini yanaitwa MOSE yanayoinuliwa maji yakitabiriwa kupita sentimita 110, kwa hiyo yale mafuriko ya Novemba 2019 yaliyofika sentimita 187 sio ya kutegemea. San Marco ndiyo sehemu ya chini zaidi, hiyo bado inaweza kulowa kidogo, wanaweka mbao za kupita juu. Pakua apu ya hi!tide uone makadirio ya kesho. Mara nyingi ni saa mbili tatu maji yanatoka, unakunywa kahawa unasubiri.

Hatua ya 11: Kuondoka

Ukinunua kioo au kitu chochote cha zaidi ya euro 70 duka moja na huishi Umoja wa Ulaya, omba fomu ya kurudishiwa kodi dukani na pasi uwe nayo, uwanjani unagonga fomu kabla ya kukabidhi begi. Kioo kibebe mkononi umekifunga kwenye soksi. Ndege ya alfajiri? Usiku uliotangulia angalia ratiba, maana vaporetto usiku ni chache, na kufika Piazzale Roma kwa miguu kutoka Castello ni zaidi ya dakika 40 na madaraja yake. Ukienda kwa boti, gati la uwanja wa ndege liko mbali kidogo na jengo la abiria, dakika kama kumi za kutembea, ziongeze kwenye hesabu.